Kazi aliyoifanya ba'mdogo wako

Mwanangu mpendwa,

Msibani kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu ba'mdogo wako alikuwa mtu wa watu, kisha akampisha mwingine aseme hivyo hivyo. Wewe ndiye pekee uliyeuliza alikuwa anawafanyia nini hasa wale wagonjwa wa saratani. Na kwa kuwa unasema bibi wa mwenzako mnayeishi naye ameanzishiwa morfini, dawa ya maumivu makali, wiki hii, nakujibu kwa urefu.

Hakuwa daktari, wala hakumwandikia mtu dawa. Alisimama kati ya dirisha la dawa na kitanda cha nyumbani, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika.

Anza na chupa yenyewe. Morfini ya kunywa ni ya maji, na nguvu yake hutofautiana: ipo yenye miligramu 5 ndani ya mililita 5, ipo pia yenye miligramu 50 ndani ya mililita 5 hizo hizo. Mgonjwa akibadilishiwa kutoka chupa ile hafifu kwenda ile kali, na anayeuguza akaendelea kupima ujazo ule wa zamani, dozi imekuwa mara kumi. Ndiyo maana kila ilipokuja chupa mpya marehemu aliisoma lebo kwa sauti mbele ya anayeuguza, halafu akachukua bomba la sindano, bila sindano, akachora mstari kwa kalamu isiyofutika pale dozi inapokomea. Kijiko cha chai alikikataa katakata. Toa vijiko vitatu jikoni kwako uvipime maji, utaona havilingani.

Mtu mzima anayeanza mara nyingi hupangiwa miligramu 2.5 hadi 5, na dawa humshika kama saa 4 tu. Kwa saa zetu ratiba ni rahisi kukariri: 12 asubuhi, 4, 8, 12 jioni, 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku madaktari wengi huiandika iwe maradufu ya dozi ya mchana ili imvushe mgonjwa hadi alfajiri bila kuamshwa. Maumivu yakichomoza katikati, hupewa dozi moja ya ziada, na ile ya saa yake haifutwi. Kila ya ziada iandikwe daftarini pamoja na saa, kwa sababu daktari huangalia hizo anapoamua kupandisha dozi. Mgonjwa akienda kliniki bila daftari, ataulizwa "unaendeleaje?", atajibu "namshukuru Mungu", atarudi na dozi ile ile isiyomtosha.

Kosa la nyumba nyingi ni kusubiri. "Tumtunzie mpaka azidiwe." Maumivu yakishapanda huhitaji dawa nyingi zaidi kuyashusha, na mgonjwa anakesha kwa jambo lililokuwa na dawa kabatini. Wengine huamini kwamba morfini ni dawa ya kufia, au kwamba bibi atakuwa teja. Anayekunywa kwa saa, kwa ajili ya maumivu, kwa kiasi alichopangiwa, si teja. Ila asiikatishe ghafla akishaizoea. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya hospitali.

Usingizi wa siku 2 au 3 za mwanzo msiuogope sana, mwili unafidia usingizi uliokosekana. Kichefuchefu nacho huisha baada ya siku chache, na kipo kidonge chake. Choo kigumu ndicho kisichoisha. Kitaendelea muda wote wa morfini, na wazee huona haya kukitaja. Bibi anaweza kuamua kimyakimya kuacha dawa kuliko kukwambia hajaenda haja siku ya nne. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, ianze siku moja na morfini. Ikikosekana, kuna mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kijiko kimoja cha chai usiku; wauguzi wa tiba shufaa, ile ya kupunguza mateso ya mgonjwa, huifundisha, si uganga.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana umesema ugonjwa wenyewe ni wa mlango wa kizazi. Saratani hiyo ikitanuka hubana mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo. Figo zikilemewa, morfini haitoki mwilini kama inavyopaswa, hivyo dozi iliyokuwa inafaa jana inakuwa nyingi leo. Dalili zake ni mkojo kupungua, misuli kushtukashtuka, kuweweseka, na usingizi ambao ukimwita haamki vizuri. Mkiona hivyo, pigeni simu hospitali kabla ya kutoa dozi inayofuata. Marehemu aliuliza habari za mkojo kila alipoingia nyumba ya mgonjwa wa aina hiyo, kabla hata ya kuuliza maumivu. Watu walimwona hana adabu.

Harufu nayo. Kidonda cha saratani, hasa cha titi, hunuka kwa sababu ya bakteria wanaokaa kwenye nyama iliyokufa, na harufu ndiyo inayowafukuza wageni, mgonjwa akabaki na ukuta. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe. Bandeji iliyoganda iloweshwe kwanza kwa maji hayo mpaka iachie yenyewe. Ukiivuta kavu, damu itatoka na kesho mgonjwa atakuficha kidonda. Safisha kwa kumiminia, usisugue. Kisha saga vidonge vya metronidazoli, ile inayojulikana kwa jina la Flagyl, unyunyizie unga wake juu ya kidonda kama muuguzi alivyoelekeza, ufunike kwa kitambaa safi cha pamba. Ndani ya siku chache mtu anaweza kuketi naye tena. Manukato na udi huichanganya tu harufu, haviiondoi.

Wagonjwa wa mionzi aliwafuatilia kwa kalenda. Kwa miaka mingi mashine za mionzi zilikuwa hospitali ya saratani ya Ocean Road peke yake, Dar es Salaam, kabla hospitali ya Bugando kule Mwanza haijaanza, kwa hiyo mtu wa Kigoma alikuja na kubaki. Kwa mlango wa kizazi aghalabu ni vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5, halafu mionzi ya ndani, na yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8. Siku zikirukwa, seli zilizobaki huota upya, na kuongeza vipindi mwishoni hakufidii vizuri. Mwaka 2011, nchi ilipokuwa inapanga foleni Samunge, kwa Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha dawa yake cha shilingi 500, marehemu hakubishana na mtu. Aliuliza tarehe ya kipindi kinachofuata, akauliza basi la kurudi litafika lini. Alama za wino zilizochorwa mwilini zisisuguliwe kwa dodoki. Ndizo zinazoielekeza mashine.

Na aliye kwenye dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, joto likifika 38 ni hospitali usiku huo huo, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinapokuwa chini. Panadol itashusha joto na kuficha maambukizi. Nunueni kipimajoto, ni bei ndogo.

Bibi akija kutangulia, Mungu apishe mbali, chupa itakayobaki irudishwe kwenye dirisha la dawa ilikotoka, na ihesabiwe mbele yenu. Hapo atatokea jirani, naye ana mgonjwa, ataiomba kwa machozi. Marehemu aliombwa hivyo mara nyingi na hakutoa hata tone, kwa sababu dozi iliyozoewa na mwili mmoja inaweza kumzimisha pumzi asiyewahi kuionja. Alichofanya ni kumwambia huyo jirani amwandae mgonjwa wake, na karatasi ya rufaa, na majibu ya kinyama kilichopimwa, na kadi ya bima kama ipo, au barua ya serikali ya mtaa ya kupeleka ustawi wa jamii kama haipo, halafu kesho yake asubuhi wakaondoka pamoja na basi la kwanza.

Nisalimie mwenzako na bibi yake. Niandikie chupa yenu imeandikwa miligramu ngapi.

Baba yako