Barua kwa Baba na Mama: Kazi Bado, Moyo Upo

Dortmund, Ujerumani

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu tangu tulipozungumza. Mimi sijambo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu swali la Baba, "Kazi imepatikana?", hujibiwa kwa neno moja, kisha sote tunanyamaza kwa kuoneana huruma, na mara hii ningependa mpate maelezo kamili.

Kazi ya uhandisi bado sijapata. Barua za kukataliwa zinaendelea kuja, na karibu zote zinafanana: wananishukuru kwa kuomba nafasi yao, wananiarifu kwamba kwa bahati mbaya wamemchagua mwombaji mwingine, kisha wananitakia kila la heri kazini na katika maisha yangu binafsi. Sababu haitajwi. Mwanzoni ukimya huo uliniuma kuliko kukataliwa kwenyewe, kwa kuwa mtu asipoambiwa kasoro yake hukesha akijitungia kasoro: labda ni jina, labda ni rangi, labda ni ile picha ya kwenye wasifu, maana huku waombaji wengi bado huweka picha. Baadaye mshauri wa ofisi ya ajira alinieleza kwamba tangu mwaka 2006 ipo sheria inayokataza kumbagua mwombaji kwa asili yake, jinsia, dini, umri au ulemavu, na kwamba anayeona amebaguliwa ana miezi miwili ya kudai fidia. Kwa hiyo waajiri wengi huogopa kuandika sentensi yoyote inayoweza kufika mahakamani. Sheria iliyotungwa ili kunilinda ndiyo hiyohiyo inayoninyima maelezo! Sisemi kwamba ubaguzi haupo. Upo, wala sitawadanganya. Lakini tangu nilipoelewa jambo hilo, nimeacha kuisoma barua ya mistari minne kana kwamba ni ripoti ya maendeleo yangu.

Mama, uliuliza kama huenda kuna mkono wa mtu. Hapana, Mama, na nakuomba usimpe yeyote fedha kwa ajili hiyo. Nawe Baba uliuliza kama sina mtu wa kunishika mkono. Kufahamiana kunasaidia hata huku, ila katika fani yangu vinavyotazamwa kwanza ni lugha na vyeti. Nina cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2, na matangazo mengi yanataka C1, yaani ngazi inayofuata juu yake, kwa sababu mhandisi wa maji hushinda vikaoni na maofisa wa manispaa, wakandarasi na wakazi wenye malalamiko. Hilo naliona ni la haki, na ndiyo maana nasoma darasa la jioni.

Kuhusu kibali, msiwe na hofu. Mhitimu wa chuo cha huku hupewa hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Mimi napanga vifurushi kwenye ghala. Kodi ya chumba inalipika. Majirani wakiuliza, waambieni hivyohivyo bila kuona haya.

Sasa niseme juu ya moyo, kwa kuwa najua ndilo linalowasumbua zaidi. Ile methali ya mvumilivu ambayo Mama hunitumia kila juma naiheshimu, lakini kukaa na kuvumilia tu hakujanisaidia. Kilichonisaidia ni kuendelea kuwa mhandisi hata kabla sijaajiriwa. Barua pepe nazifungua mara moja kwa siku, baada ya zamu, kamwe si kabla. Kisha naandika daftarini ni nani amejibu na ni sharti gani la tangazo sikulitimiza. Siku za mapumziko naenda kando ya mto Emscher, unaopita mjini hapa. Kwa miongo mingi mto huo ulikuwa mfereji wa wazi wa maji taka, kwa sababu machimbo ya makaa ya mawe yaliifanya ardhi ititie, na mabomba ya chini yangevunjika. Ukarabati ulianza mwaka 1992, na hadi mwisho wa mwaka 2021 maji taka yote yalikuwa yamehamishiwa kwenye mabomba ya chini ya ardhi. Natazama jinsi kingo za zege zilivyoondolewa na majani yalivyoota, napiga picha, naandika maswali. Nikirudi chumbani huwa ninalo la kuwaza zaidi ya nafsi yangu.

Maswali hayo yalinifaa kwenye usaili mmoja, ambako nilieleza pia habari za tope linalojaa katika bwawa letu la Mindu kule Morogoro, na wasaili wakanisikiliza kwa makini kweli. Walinikataa hata hivyo. Safari hii nilipiga simu na kuuliza kwa adabu ningeboresha nini, na mhandisi mmoja akaniambia jambo ambalo hakuna barua iliyowahi kuniambia: barua ya utumishi niliyotoka nayo nyumbani inataja tarehe ya kuanza na ya kumaliza tu. Huku mfanyakazi ana haki ya kisheria ya kudai barua inayoeleza majukumu yake na jinsi alivyoyatekeleza, na waajiri huisoma neno kwa neno. Wakiona tarehe tupu, hudhani kuna jambo linafichwa.

Kwa hiyo namwomba Kaka afike kwenye ile ofisi ya maji nilikofanya kazi, aonane na mkuu wa idara, aombe barua mpya kwa Kiingereza, yenye nembo, sahihi na muhuri. Itaje miradi niliyoisimamia, vipimo nilivyochukua na tathmini ya utendaji wangu. Wakimwambia arudi kesho, arudi. Aipeleke steshenari ikaskaniwe vizuri, anitumie, na ile halisi Baba aitunze pamoja na vyeti vyangu. Nauli nitaituma mwisho wa mwezi.

Msalimieni Bibi, mwambieni koti alilokuwa na wasiwasi nalo ni zito vya kutosha.

Wasalaam,
Binti yenu