Chumvi ya huko uliko

Mwanangu Atupele,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Ila tangu uliponiambia kwamba una mimba ya miezi miwili na kwamba mnapikia chumvi ya kupimiwa kwa kopo kutoka mashamba ya chumvi, usingizi umenipaa. Nilipouliza ukacheka: "Mama, Kilwa ni baharini, chumvi ni ya kwetu." Ndiyo maana naandika.

Chumvi ya bahari ikishakauka juani hubaki na madini joto, yaani ayodini, kidogo mno. Yanayotusaidia huongezwa na watu kabla haijafungwa kwenye pakiti. Sheria imetaka hivyo tangu miaka ya 1990, lakini wavunaji wadogo wengi bado huuza ghafi. Weupe wake usikudanganye.

Wewe marovu, ule uvimbe wa shingo wa kukosa madini joto, hukuyakuta. Shangazi wa baba yako alijifunga kitenge shingoni mpaka anazikwa. Udongo wetu huu wa milimani umeoshwa na mvua tangu enzi, viazi na maharage yake hayana madini hayo ya kutosha. Miaka ya 1980 tulipangwa mstari shuleni, tukamezeshwa vidonge vya mafuta yenye madini joto.

Na bado si rovu linaloniogopesha, ni ubongo wa huyo mtoto. Miezi hii ya mwanzo tezi yake ya shingo haijaanza kazi, anategemea homoni za tezi yako. Ukipungukiwa sana madini joto wewe, akili yake inadumaa, na akishazaliwa hakuna dawa ya kuirudisha. Mjamzito anahitaji maikrogramu 250 kwa siku, mtu mzima wa kawaida 150. Ni kiasi kisichofikia hata uzito wa punje ya mchele, halafu tukikose kwa uzembe?

Umesoma kunipita, nami najivunia kila ninapokutaja kanisani. Lakini maandishi ya pakiti huyasomi, hujawahi. Nunua iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Itie kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na moshi wa jiko, na uitie mboga ikikaribia kuiva, maana moto mwingi huyapunguza. Usizidishe chumvi yenyewe, presha iko kwenye ukoo wetu. Kijiko cha chai kwa siku nzima kisivukwe.

Vile vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ni vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kwa hiyo usijihesabie kwamba umemaliza. Vya dukani usinunue kabla hujamuuliza nesi, kwani madini joto yakizidi nayo huumiza tezi. Kula samaki wa baharini, mayai, maziwa. Muhogo mchungu uloweke vizuri, usipoloweka unazuia tezi kuyatumia.

Kama nesi ana kile kichupa cha kupimia, mpelekee chumvi yako kidogo. Atadondoshea tone moja: ikigeuka zambarau, pikia. Ikibaki nyeupe, usiipikie hata siku moja. Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Ng'ombe amezaa jike. Baba yako anasema bati la jikoni litangoja mpaka parachichi ziuzwe, mimi nimenyamaza. Nimemkabidhi kondakta kiroba: chini kuna pakiti za chumvi, juu maharage na mchele wa Kyela. Mchele ni wa mama mkwe wako, usiufungue.

Mama yako,
Tukuyu