Mzee ana msamaha wa matibabu, lakini dawa kaambiwa akanunue nje

Swali tunaloulizwa sana hapa famasi, Mbeya, ni hili: "Mama ana kitambulisho cha msamaha, mbona hapa tunalipia?" Msamaha wa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo ni wa vituo vya serikali: zahanati, kituo cha afya, hospitali. Famasi binafsi hairudishiwi hela hiyo na yeyote. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike kule kule hospitali, kabla hamjafika kwetu.

Asiye na kitambulisho aanzie kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, apate barua inayothibitisha makazi, umri na kwamba hajiwezi. Aambatishe nakala ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na picha ndogo, kisha apeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Kinachokwamisha mara nyingi ni majina: NIDA imeandika hivi, barua imeandika vile. Linganisheni herufi kwa herufi kabla ya mhuri kugongwa. Kama mzee tayari yuko hospitali bila kitambulisho, ulizieni ofisi ya ustawi wa jamii kwanza, ndipo mfike kwa mhasibu. Hela ikishakatiwa risiti, kuirudisha ni kazi.

CHF Iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, nayo imekuwa ikisaidia. Ilianza 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6, ila nayo imekuwa ikitaka muanzie zahanati na mpande kwa barua ya rufaa.

Sasa kwenye dirisha la dawa hospitalini mmeambiwa dawa hakuna. Ulizeni ni ipi hasa. Mara nyingi kati ya dawa tatu imekosekana moja, lakini mtu anatoka na karatasi nzima na kununua zote. Kisha rudini kwa daktari mumuulize kama stoo kuna nyingine ya kundi hilo hilo inayomfaa mzee. Ikishindikana, mwombeni aandike jina halisi la dawa, siyo la kampuni. Amlodipine, dawa ya presha, ni amlodipine, na tofauti ya bei kati ya boksi moja na jingine huwa kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Hesabuni vidonge pia. Metformin ya kisukari, ya miligramu 500 mara mbili kwa siku ni vidonge 60 kwa siku 30. Baadhi ya maboksi ya amlodipine yana vidonge 28, hivyo dawa inaisha siku mbili kabla ya tarehe ya kliniki, na mzee wa Makete au Ileje hawezi kupanda gari kwa ajili ya vidonge viwili. Hela ikiwa haitoshi, tuambieni: ni afadhali tuwauzie dozi kamili ya wiki mbili kuliko mzee kugawa vidonge ili vifike mwisho wa mwezi. Nifedipine, nayo ya presha, ile ya kutoa dawa polepole, haikatwi kabisa. Ukiikata, dawa yote inamwagika mwilini kwa mkupuo na presha inaweza kushuka ghafla.

Miguu ikianza kuvimba baada ya amlodipine, msiache dawa kimyakimya. Ni athari inayojulikana, na daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha.

Mkija, leteni maboksi yote anayotumia mzee, hata ya maumivu ya magoti. Hapo ndipo tunapokuta diclofenac ya maumivu ikinywewa kila siku pamoja na losartan ya presha: diclofenac inapandisha presha na kuumiza figo, halafu lawama inabebeshwa dawa ya presha. Wengine wana captopril ya kliniki moja na losartan ya nyingine, zote za presha, na mzee anazimeza pamoja.

Kwa wanaochukua insulini: ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa hukaa nje mahali pa baridi kwa siku 28 hivi, kutegemea aina. Baridi ya Juni isiwadanganye mkaiacha dirishani usiku. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.