Sheria kali haipimi damu

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliisifu Moroko kwa ukali wa sheria zake, eti ndiyo dawa ya magonjwa ya zinaa. Nimesoma Rabat miaka minne, naomba nimjibu.

Ukali wenyewe ni kifungu cha 490 cha sheria yao ya jinai: wasiooana wakilala pamoja, jela mwezi mmoja hadi mwaka. Cha 489, kwa watu wa jinsia moja, ni miezi sita hadi miaka mitatu. Sasa msichana asiye na mume akienda kupima kaswende, si kama anajishtaki mwenyewe?

Yalinikuta. Niliingia maabara ya mtaani na karatasi ya daktari. Dada wa mapokezi akaisoma, akaviangalia vidole vyangu kutafuta pete, kisha akauliza kwa sauti iliyowafikia wazee wote kwenye mabenchi: “Umeolewa?” Nikaikunja karatasi yangu, nikatoka. Wenyewe wana neno, hchouma, aibu ile inayokufuata hadi kwa mama yako.

Rafiki yangu wa Casablanca ndiye aliyeniambia kuhusu ALCS, chama cha kupambana na UKIMWI alichokianzisha daktari Hakima Himmich mwaka 1988. Kwao hupimwi kwa jina, wala hulipi. Tone la damu kidoleni, halafu kusubiri huku nikihesabu vigae vya ukutani (Moroko kwa vigae, utachoka wewe!). Nilikuwa salama.

Lakini miezi mitano ilikuwa imepita tangu siku ile ya maabara. Je, kama ningekuwa mgonjwa?

Mwanafunzi wa zamani,
Chumbageni, Tanga