Kila homa ni UTI na taifodi?

Mhariri, naomba nafasi, hili jambo limenikaa rohoni.

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka sita alichemka usiku kucha, asubuhi nikamkimbiza zahanati moja ya binafsi huku kwetu Mbagala. Daktari hakumshika hata paji la uso, kaniuliza ana bima, nikasema anayo, pale pale kaandika vipimo vinne. Majibu yakaja, malaria hamna ila ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi, sindano siku tano asubuhi na jioni. Siku ya pili mtoto akiona tu geti la zahanati anang'ang'ania sketi yangu analia mpaka sauti inakauka, nikashindwa, nikampeleka hospitali ya serikali. Daktari wa kule alimwangalia koo, masikio, akamsikiliza kifua, akasema mama haya ni mafua, mpe maji ya kutosha na panadol. Na kweli akapona.

Sasa muulize mtu yeyote hapa Dar aliyeenda kupima mwaka huu, atakwambia alikutwa na UTI na taifodi. Wote jamani? Kile kipimo cha damu cha taifodi, Widal, kipo tangu 1896 na kinachotafuta ni kinga ya mwili, sio bakteria mwenyewe, kwa hiyo hata kama uliugua zamani ukapona kinaweza kusema unayo. Cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wataota, ila hicho kinataka siku kadhaa na zahanati nyingi hazina uwezo huo.

Kwenye malaria tulishapita huku huku. Zamani kila homa ilikuwa malaria, mpaka 2010 WHO wakasema pima kwanza ndio utibu, vikaja vipimo vya haraka tukaona kumbe homa nyingi sio malaria. Ila badala ya kumwambia mtu ukweli kwamba itapita yenyewe tukahamia kwenye antibayotiki, ndio maana leo usugu wa dawa, yaani bakteria kutosikia dawa tena, unatutisha.

Mimi siwalaumu madaktari peke yao. Bima ikilipa kwa kila kipimo na kila sindano, yule anayekaa dakika kumi na tano kumsikiliza mgonjwa anapata ada ya kumwona daktari basi, na anayechoma sindano kumi anapata zaidi, sasa nani atakaa asikilize? Sheria ya bima kwa wote imepita 2023, kabla hatujaingia wote humo naomba njia ya kulipa ibadilishwe, kituo kilipwe kwa idadi ya watu waliojiandikisha kwake, kama madaktari wa mtaani kule Uingereza, halafu wakaguzi wapite kuhakikisha wagonjwa hawanyimwi huduma. Na Wizara ikataze mtoto kuchomwa sindano za taifodi kwa jibu la Widal peke yake, hili lisisubiri bajeti.

Mama wa watoto watatu,
Mbagala, Dar es Salaam