Albamu ya wiki hii: Blue

Wapendwa, zamu hii tunasikiliza Blue ya Joni Mitchell, ya mwaka 1971. Ni nyimbo 10 tu, hazifiki dakika 40, kwa hiyo "sikupata muda" sipokei. Isikilizeni mfululizo, msirukeruke. Tegeni sikio mwanzo wa River: piano inagusia Jingle Bells, halafu ile furaha inageuka huzuni papo hapo. Mimi hapo huwa hoi.

Wale wa albamu ya Tapestry ya Carole King nawajua, mtaanza tu kuilinganisha na hii. Haya, ni ya mwaka uleule, na Joni mwenyewe kaitikia humo.

Leteni hoja basi, si "kali sana" na vikopa. Ujumbe wa sauti usizidi dakika 2. Ule wa juzi wa dakika 11 (mwenyewe anajijua) niliishia njiani. Tunaanza Ijumaa usiku.