Ektopia, heterotaksia na viungo vilivyogeuka si hali moja

Mhariri,

Habari za afya zikigusa viungo vya ndani visivyo mahali pake, neno "ektopia" hubandikwa kila kitu: moyo ulio kulia, ini lililo kushoto, figo iliyo kwenye nyonga, hata ngiri. Naomba nafasi niyatenganishe mambo haya, kwa sababu neno linaloandikwa kwenye faili ndilo analoliamini daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona mgonjwa.

Ektopia ni kiungo kimoja, au kipande cha tishu yake, kukaa nje ya mahali pake huku vingine vikiwa sawa. Kwa hiyo neno hilo halitoshi likisimama peke yake. Lazima kiungo kitajwe: ektopia ya figo, ya moyo, ya lenzi ya jicho. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi nayo hupewa jina la asili hiyohiyo.

Tuchukue figo. Mtoto akiwa tumboni, figo zake huanzia chini kwenye nyonga, kisha hupanda hadi karibu na mbavu za chini. Isiyopanda hubaki nyonga ikilishwa na mishipa ya damu ya hukohuko, na mara nyingi hufanya kazi bila taabu wala kuhitaji upasuaji. Hatari ni kudhaniwa uvimbe. Mpimaji wa altrasaundi akikosa figo upande mmoja asikimbilie kuandika kwamba haipo. Ashushe kipimo hadi nyonga kwanza. Figo iliyofika juu kisha ikawa inashuka mtu anaposimama na kurudi anapolala si ektopia, na ngiri pia si ektopia.

Tezi ya thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi ikashukia shingoni. Ikikwama njiani, huonekana kama uvimbe nyuma ya ulimi. Kabla ya kuukata ni lazima kuhakikisha kuna tezi nyingine shingoni, maana mara nyingi uvimbe huo ndio tezi yote aliyo nayo mtu. Ukiondolewa, atameza vidonge vya homoni maisha yake yote.

Situsi inversusi ni jambo jingine kabisa: viungo vyote vya kifua na tumbo vimebadilishana pande, kama taswira kwenye kioo. Matthew Baillie wa Uingereza aliieleza mwaka 1788, na hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 10,000 hivi. Kwa kuwa mpangilio wenyewe haujavurugika, wengi huishi salama. Shida huja hospitalini. Kidole tumbo kikivimba, maumivu huwa kushoto. Kipimo cha umeme wa moyo nacho hupotosha: mawimbi ya mkondo wa kwanza, unaosoma umeme kati ya mikono miwili, hupinduka, lakini hilo hutokea pia nyaya za mikono zikibadilishwa kimakosa. Tazama nyaya za kifuani. Zikionyesha mawimbi yanayopungua kuelekea kushoto, shuku moyo uko kulia, kisha rudia kipimo ukiwa umehamishia nyaya za kifua upande wa kulia na kubadilishana zile za mikono. Kwenye picha ya eksirei, alama ya upande ikiwekwa vibaya humgeuza mtu wa kawaida kuwa na moyo wa kulia, hivyo mguse mgonjwa kifuani utafute pigo la moyo kabla ya kuandika lolote. Na mwenye hali hii akiwa na kikohozi na makamasi yasiyoisha tangu utotoni, achunguzwe vinyweleo vidogo vinavyosukuma makamasi katika njia ya hewa, kwani takriban nusu ya wenye kasoro ya vinyweleo hivyo huwa pia na viungo vilivyogeuka.

Heterotaksia ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Hapa mpangilio si wa kawaida wala si wa kioo, umechanganyika. Ini laweza kukaa katikati, mapafu yote mawili yakafanana, moyo ukawa na kasoro nzito, utumbo ukakosa kujizungusha ipasavyo. Utumbo wa namna hiyo waweza kujisokota na kukosa damu, kwa hiyo mtoto mchanga anayetapika matapishi ya kijani ni dharura ya saa hiyohiyo. Bandama huenda isiwepo kabisa, au ikawa vipande vingi visivyofanya kazi vizuri. Bila bandama, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo huweza kuua kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana mtoto huyo hupewa chanjo za ziada na antibayotiki ya kinga, kwa kawaida ya jamii ya penisilini, na homa yake haisubiriwi kesho. Mzazi akiambiwa tu kwamba "viungo vimegeuka, wengi huishi hivyo", hakuna atakayeuliza habari za bandama.

Ombi langu kwa waandishi, na kwa wahudumu wanaojaza mafaili, ni kuandika kirefu badala ya neno moja. Moyo: upande gani, ncha yake imeelekea wapi. Ini: kulia, kushoto au katikati. Tumbo la chakula: upande gani. Utumbo: umejizungusha au la. Bandama: ipo, ni vipande, haipo, au haijapimwa.